Kabla Hamjapanda Usambara: Ya Kufanya na ya Kutofanya kwa Vikundi vya Wageni Waishio Nchini

Kila sikukuu inapoangukia Ijumaa au Jumatatu, magari hutoka Dar es Salaam alfajiri kuelekea Mombo, pale njia ya kupanda Soni na Lushoto inapoiacha barabara kuu ya Moshi. Ndani yake wamo watu wa mataifa mbalimbali wanaoishi nchini kwa kazi: walimu wa shule za kimataifa, wahandisi, watumishi wa balozi na mashirika, pamoja na wenzi wao, watoto wao na marafiki zao Watanzania. Wameunda vikundi vya kutembea milimani, na mojawapo ya milima yenye baridi wanayoikimbilia ni Usambara.

Desturi hii si mpya. Mwaka 1938 Waingereza waliokuwa wakiishi Kuala Lumpur walianzisha Hash House Harriers, kundi la kukimbia nje ya mji ambalo leo lina matawi pande zote za dunia, Dar es Salaam ikiwemo. Nairobi ikapata Mountain Club of Kenya mwaka 1949. Huko Japani, wageni wanaofanya kazi mijini wana vikundi vyao vya kupanda milima mwisho wa juma. Na Lushoto yenyewe Wajerumani waliiita Wilhelmstal na kuifanya mahali pa kukimbilia joto la pwani, kisha magavana wa Kiingereza nao wakawa na makazi yao ya kupumzikia papo hapo.

Lakini Usambara si mlima mtupu. Ukipita lango la Kilimanjaro, mashamba na nyumba umeviacha nyuma. Usambara hakuna lango la namna hiyo. Ukiacha misitu iliyohifadhiwa, njia unayoiita ya matembezi ndiyo njia ya mwanafunzi kwenda shule, ya mama aliyejitwika kabichi kwenda sokoni, na ya jeneza kwenda makaburini. Unatembea uani kwa watu. Tena wewe si mtalii wa siku moja. Unaishi nchi hii, utarudi mwezi ujao, na kikundi chako kitakumbukwa kwa walichofanya waliotangulia.

Nimezaliwa katika milima hii na nimetembea na vikundi vingi vya aina hii. Nimeandika kwa ukali kwa sababu nimeona vilivyoharibika. Kiongozi wa kikundi ayasome haya kwa sauti kabla gari halijawashwa.

KABLA YA KUONDOKA

1. Teueni kiongozi mmoja, na mtu mmoja wa kufunga msafara. Kiongozi ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu njia, muda na kugeuka. Anayefunga msafara haruhusiwi kumpita mtu yeyote, hata kama mwenzake anatambaa. Kikundi kisichojua nani yuko nyuma hakijui kimepoteza nani.

2. Acheni ratiba ya maandishi. Majina, namba za simu za ndugu, njia mtakayopita, mahali pa kulala na saa ya kurudi. Nakala moja ibaki kwa mtu aliye Dar es Salaam, nyingine kwa mwenyeji wenu Lushoto. Japani wapanda milima hujaza karatasi ya safari na kuitumbukiza kwenye sanduku lililoko mwanzo wa njia, ili wasiporudi watafutwe mahali panapoeleweka. Kwetu hakuna sanduku, kwa hiyo karatasi hiyo iwe kazi ya kikundi. Na muda muuandike kwa namna mbili, saa ya Kiswahili na saa ya Kizungu. Watu wameachwa na gari kwa kudhani saa mbili ni saa nane.

3. Msiende watu wengi kupita kiasi. Mkizidi 12, gawanyikeni makundi mawili yanayopishana kwa nusu saa au kupita njia tofauti. Msafara wa watu 30 ukipita kitongojini unasimamisha kazi, unafukuza mbuzi na kuziba njia ya watu wenye mizigo.

4. Msipange safari ndefu wakati wa masika. Kuanzia Machi hadi Mei udongo mwekundu wa Usambara huteleza kama sabuni, na barabara ya Mombo hadi Lushoto huangukiwa na mawe na udongo. Vuli, Oktoba hadi Desemba, nayo si ya kudharau. Juni hadi Septemba pakavu, lakini baridi ya Julai kule Magamba na Shume ni baridi ya kweli. Anayekuja na fulana nyembamba kwa sababu "hii ni Afrika" atetemeke kwake, asiwasumbue wenzake.

5. Msipande barabara ya Mombo–Lushoto usiku. Ni kilomita 33 hivi za kona, upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo. Mkichelewa, laleni Mombo au Korogwe. Wala mtu asipande mshikaki kwenye bodaboda ili kuokoa nauli: watu watatu kwenye pikipiki moja, katika mteremko ule, ni kutafuta msiba.

6. Msigeuze kikundi kuwa biashara. Mchango wa mafuta, chakula na mwongoza njia ni halali. Uandikwe daftarini na kila mtu auone. Lakini mwanachama asiye raia anayetoza watu ili awaongoze amevunja sheria. Amri ya mwaka 2025 iliwakataza wasio raia kufanya biashara 15, na kuongoza watalii ni mojawapo. Na kikundi kikikua kikawa na katiba, ada na akaunti, kisajiliwe chini ya Sheria ya Vyama kwa Msajili aliyeko Wizara ya Mambo ya Ndani. "Sisi ni marafiki tu" haitawasaidia siku fedha zitakapopotea.

7. Bebeni vitambulisho. Kila mmoja awe na pasi au kibali chake cha ukaazi, au nakala yake. Viingilio vya raia na vya wasio raia katika hifadhi si sawa, na ofisa anayeomba kuviona anafanya kazi yake. Msibishane naye.

MWONGOZA NJIA NA MALIPO YAKE

8. Chukueni mwongoza njia wa hapa, mwenye kitambulisho. Lushoto imekuwa na utalii wa kitamaduni tangu miaka ya 1990, na vijana wengi wamesomea kazi hiyo. Wanajua ni korongo lipi halipitiki baada ya mvua, ni mzee gani wa kuombwa ruhusa na ni kijiji kipi kina msiba leo. Ramani ya simu haijui hata kimoja kati ya hivyo. Msimchukue kijana anayewadandia stendi bila kitambulisho wala ofisi, kisha mkalalamika mmeibiwa.

9. Pataneni bei kabla, lipeni yote, lipeni kwa wakati. Msifike mwisho wa njia, Mtae, baada ya siku nne, wakati mwongoza njia wenu hana nauli ya kurudi, ndipo mkaanza kuhesabu upya. Chakula chake, mahali pake pa kulala na nauli yake ya kurudi viwe ndani ya makubaliano. Mnapokula ninyi naye ale, na asilale jikoni penye moshi wakati ninyi mko vitandani.

10. Msimbebeshe mtoto mzigo. Watajitokeza watoto wa shule kubeba mabegi yenu kwa sarafu chache. Kataeni, hata kama mzazi wake amesimama pale akitabasamu. Mzigo ubebwe na mtu mzima aliyekubali kazi na kulipwa ujira wa mtu mzima. Siku ya shule mtoto aende shule.

11. Mwongoza njia akisema tugeuke, geukeni. Asiulizwe mara mbili, wala asishinikizwe kwa ahadi ya bakshishi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mlimani guu huvunjika kweli.

KATIKATI YA MASHAMBA NA VIJIJI

12. Salimieni, tena kwanza. Mpe mtu mzima shikamoo yake. Asikwambie mtu kuwa mgeni amesamehewa. Asubuhi jaribu "Onga maundo" ya Kisambaa, na ukisaidiwa sema "Hongea". Mkimpita mzee kimya mkiwa kumi, macho kwenye saa zenu za kupimia hatua, mmemtukana mara kumi. Na aliyebeba mzigo ana haki ya njia: simameni pembeni, upande wa juu, mpaka apite.

13. Msikate kona. Hili ndilo kosa linalofanywa zaidi na kueleweka kidogo. Mkulima wa Usambara analima mteremkoni, na udongo wake unashikiliwa na matuta na kingo alizozipanda majani ya Guatemala, ambayo pia ndiyo chakula cha ng'ombe wake. Njia huzunguka kwa sababu hiyo.

Nimeona kwa macho yangu shamba moja la maharage juu ya Soni. Kikundi kilichokuwa na haraka kilishuka moja kwa moja badala ya kufuata mzunguko. Buti zilivunja ukingo wa tuta mahali pamoja, upana usiozidi mkono. Usiku ikanyesha. Asubuhi maji yalikuwa yamepata mlango: mistari minne ya maharage ilikuwa imelala chini ya tope, na tuta la chini yake nalo limemeguka. Mwenye shamba, mama wa makamo, alikuwa anachota udongo uliokusanyika bondeni kwa karai na kuurudisha juu kichwani, safari baada ya safari. Waliovunja tuta wakati huo walikuwa wanakunywa chai hotelini, na sidhani kama mpaka leo wanajua. Kwa hiyo: njia ikizunguka, zunguka. Ukivunja ukingo, simama, mtafute mwenyewe, eleza, lipa, na shika jembe umsaidie kuurudisha.

14. Msichume. Plamu, peasi na pichi zinazoning'inia njiani zina mwenyewe. Uliza bei, nunua. Mti mmoja huenda ndio ada ya shule ya mtoto mmoja.

15. Msimfundishe mkulima kilimo chake. Milima hii imekwisha fundishwa sana na watu wa kuja. Miaka ya 1940 serikali ya Kiingereza ilianzisha Mlalo mpango wa kuokoa ardhi, ukaenea Usambara nzima. Watu walilazimishwa kulima matuta kwa namna waliyoamriwa, wakaadhibiwa walipokataa, na upinzani ukawa mkubwa hata mpango wenyewe ukafa mwaka 1957. Wazee waliokulia katika simulizi hizo bado wapo. Ukimkuta mkulima, muulize kwa nini anafanya anavyofanya, kisha sikiliza mpaka amalize. Hata kama una shahada ya udongo.

16. Msipige picha ya mtu bila kumwomba. Omba kwa maneno, kamera ikiwa chini. Akikataa, asante, mmeachana. Msipige picha misiba, wagonjwa, wanaooga mtoni, wala watoto ambao mzazi hayupo. Ukiahidi kuleta picha, ilete. Mkaazi hana kisingizio cha kuwa amekwisha rudi kwao.

17. Msigawe pipi, kalamu wala sarafu. Kijiji ambacho vikundi vimegawa pipi kwa miaka michache hujulikana: watoto hukimbilia barabarani wakidai kabla ya kusalimu, na wengine huacha darasa wanaposikia injini. Ninyi mmewafundisha hivyo. Kama mna madaftari, yapelekeni kwa mwalimu mkuu, mbele ya kamati ya shule, na yeye ndiye agawe.

18. Vaeni kwa adabu. Magoti na mabega yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Usambara ni nchi ya Waislamu na Wakristo wanaoishika dini yao. Wakati wa Ramadhani msile wala kunywa barabarani mbele ya watu waliofunga. Ingieni ndani au nendeni pembeni. Pombe iachwe mjini.

19. Mkilala kijijini, ripotini. Kabla ya kushusha mabegi, kiongozi na mwongoza njia waende kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti, waandike majina kwenye kitabu cha wageni na kueleza mnakotoka na mnakokwenda. Msipige hema shambani, kando ya shule wala karibu na makaburi kwa sababu pamewapendeza. Mkilala kwa masista wa Rangwi, fuateni saa za nyumba yao: mkiambiwa chakula ni saa moja, muwe mezani saa moja, na baada ya sala ya usiku pawe kimya.

NDANI YA MSITU

20. Lipeni kiingilio na mdai risiti. Msitu wa Magamba ni Hifadhi ya Mazingira Asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na malipo yake ni kwa namba ya malipo ya serikali. Msiingilie njia za panya ili kukwepa, wala msimpe mtu fedha mkononi bila risiti. Kiingilio ni sehemu ya ulinzi wa msitu, na msitu huo ndio chanzo cha maji ya mabonde ya chini.

21. Msitoke na kitu. Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, na ndani yake wamo viumbe ambao hawako kwingine duniani. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani Tanga, alipeleka kwao ua dogo la zambarau lililoota mawe ya kivulini. Mwaka uliofuata likapewa jina la Saintpaulia, na leo vizazi vyake vimo madirishani kote Ulaya na Marekani. La porini limebaki kwenye vijipande vichache vya mwamba na kivuli. Ukilikuta, litazame, liache. Vinyonga wa hapa wasishikwe wala kupitishwa mkono kwa mkono ili wapigwe picha. Wana adui wa kutosha katika wafanyabiashara. Magome ya mkulo, mti ambao jina lake la kisayansi, *Ocotea usambarensis*, linaitaja milima hii, yasibanduliwe hata ukucha mmoja. Na mtafiti asijifiche ndani ya kikundi cha matembezi: sampuli zina vibali vyake, na vinaanzia Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH).

22. Msiwashe moto. Hata mdogo, hata wa chai, hata kama kuna baridi. Majani makavu ya Septemba na upepo wa Magamba havibishani na mtu. Pikeni mlipolala, bebeni chupa ya chai. Mvutaji abaki na vipisi vyake mfukoni.

23. Msipige kelele. Spika iachwe nyumbani. Mbega weupe na kima hawaji kwenye muziki, na ndege aliye adimu hasikiki chini ya makelele. Ndege isiyo na rubani nayo ibaki kabatini kama hamna kibali cha kuirusha. Na hata mkiwa nacho, msiirushe juu ya nyumba na mashamba ya watu.

24. Mlichobeba, rudini nacho. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini, kwa hiyo kuanzia hapo hata kuingia nayo ni kosa. Chupa, karatasi za biskuti, maganda, vyote virudi hadi mjini. Msimwachie mwenyeji wa kijijini taka zenu. Yeye hana gari la taka, atazichoma au zitaingia mtoni.

25. Heshimuni maji. Msioge kwa sabuni wala kuosha vyombo kwenye kijito. Maji unayoyaona yakipita miguuni yanakunywewa bondeni. Upande wa Usambara Mashariki, mto Zigi unaotoka Amani ndio unaolijaza bwawa la Mabayani, na bwawa hilo ndilo linaloinywesha Tanga. Haja ifanywe mbali na maji, ifukiwe, na karatasi irudi nanyi begini. Maji yenu ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

USALAMA

26. Msichezee ukingo wa Irente. Mwamba ule unaangalia Mazinde chini sana, na upepo hupanda kutoka bondeni kwa ghafla. Msikae miguu ikining'inia, msirudi kinyumenyume kutafuta picha, na watoto washikwe mkono muda wote. Kukiwa na ukungu, ukingo hauonekani mpaka uwe umeukanyaga. Siku hiyo msifike karibu.

27. Muwe mmefika kabla ya saa kumi jioni. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja, na ndani ya msitu giza hutangulia. Kila mtu awe na tochi ya kichwani, filimbi, koti la mvua na sweta, hata kwa matembezi ya nusu siku. Tochi ya simu haihesabiwi.

28. Msiguse panya aliyekufa. Wilaya ya Lushoto ilipigwa na tauni kuanzia mwaka 1980, ikawa inarudi kwa zaidi ya miaka 20. Wenyeji wanajua maana ya panya kufa hovyo. Mkiwaona, mwambieni mtendaji au kituo cha afya, na msilale sakafuni katika nyumba yenye panya. Msitie mikono kwenye vichaka pia, kwa kuwa Usambara ina nyoka wake, mwenye vipembe juu ya macho, ambaye ni vigumu kumwona katikati ya majani.

29. Mtu akiumia, msitawanyike. Kiongozi abaki na aliyeumia. Wawili waende na mwongoza njia kutafuta msaada. Wengine wakae pamoja. Msitegemee simu, maana mabonde mengi hayana mtandao. Mkiupata, polisi ni 112, Zimamoto na Uokoaji ni 114. Hospitali ya Wilaya iko Lushoto mjini, na Bumbuli ipo hospitali ya kanisa. Kinachozishinda hizo huenda hospitali ya Bombo, Tanga, au KCMC, Moshi. Jueni kabla ya safari ipi iko karibu na njia yenu, na sanduku la huduma ya kwanza libebwe na mtu anayelijua kulitumia.

Jueni pia kwamba atakayembeba mwenzenu si helikopta. Ni wanaume wa kijiji cha jirani, watakaoacha mashamba yao, wakate miti miwili, wafunge shuka au magunia, na kumteremsha kwa machela wakipokezana mabega kwa saa nyingi. Hawatawadai. Kwa sababu hawatawadai, kikundi kiwe na fungu la dharura la kuwalipa siku iliyopotea, na kiongozi arudi baadaye kuwashukuru mbele ya mwenyekiti wao.

DENI LA MKAAZI

30. Acheni fedha yenu hapa. Msije na maboksi ya vyakula kutoka dukani Dar es Salaam. Soko la Lushoto lina viazi, karoti, kabichi na matunda ya baridi. Shamba la kanisa Irente linauza jibini, jamu na mkate. Wamonaki wa Sakharani wana makadamia. Kula mgahawani kwa mama ntilie, lala nyumba ya wageni ya mjini.

31. Shikeni jembe. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ninyi siku ya tatu mmekwisha ipita zamani. Kila kikundi kinachopita njia zilezile mwaka mzima kitenge angalau siku moja ya kazi: kuzibua mifereji ya njia, kurudisha kingo zilizomomonyoka, kubeba miche. Lakini kwanza mwende kwenye mkutano wa kijiji mkaulize kinachohitajika, na mfanye hicho. Msibuni mradi, msibandike bango lenye jina lenu, msianzishe mtakachoshindwa kukimalizia mikataba yenu ikiisha. Kijiji chenye bomba lililokauka tangu wafadhili waondoke kinawatosha kuwa somo.

32. Watanzania mlio ndani ya vikundi hivi, msinyamaze. Mara nyingi mwenzenu Mtanzania ndiye wa kwanza kuona kosa na wa mwisho kulisema, kwa kuona haya mbele ya wageni. Haya hiyo inamgharimu mkulima. Ninyi ndio mnaojua kwamba yule mzee amekasirika ingawa anacheka, na kwamba "haina shida" ya yule mama ina maana shida ipo. Semeni palepale, kwa lugha watakayoielewa.

33. Toeni adhabu. Kanuni bila adhabu ni maombi. Aliyevunja mara ya kwanza aonywe mbele ya kikundi na alipe alichoharibu. Aliyerudia asiende safari inayofuata. Aliyedharau mwongoza njia, aliyemshika mtoto wa watu kumpiga picha kwa nguvu, aliyewasha moto Magamba, aondolewe, awe mwalimu, awe balozi. Na kiongozi aliyeona akanyamaza avuliwe uongozi siku hiyohiyo.

Kikundi kinachoona kanuni hizi ni nyingi kina njia rahisi: kibaki Dar es Salaam, kitembee ufukweni. Kinachozikubali kinakaribishwa Lushoto mwezi huu, mwezi ujao na mwaka ujao, na kitapata wenyeji wanaokijua kwa jina.